Mashine ya Majani na Ng'ombe wa Bi Mwatum

Afisi ya Kuhakiki Mizani,
Vuga, Unguja.
Jumatatu, 20 Mei, 1968.

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kupendezesha Bustani za Afisi,
Mjini.

KUHUSU: OMBI LA KUHAMISHWA MASHINE YA UMEME YA KUKATIA MAJANI

Ndugu Mwenyekiti,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na umeshakunywa chai. Mimi ni karani wa daraja la tatu katika afisi iliyotajwa hapo juu, ile yenye mlango wa kijani. Huenda hunijui, na nimefanya juhudi kubwa mpaka leo usinijue.

Kabla sijasema lolote, naomba iandikwe mahali kwamba mimi sipingi maendeleo. Sipingi umeme, nyumbani kwetu tunazo taa mbili na zote nazipenda. Siipingi nchi rafiki iliyotuletea mashine, ambayo sitaitaja jina nisije nikakosea kuliandika. Wala siipingi mashine yenyewe, ambayo ni nyekundu, nzuri ya kutazama, na haijanifanyia ubaya wowote wa makusudi. Ninachoomba ni kidogo: ihamishwe. Ikiwezekana ipelekwe Kiwengwa, ambako naambiwa pana mchanga mwingi na majani machache, ili na yenyewe ipumzike.

Ili ufahamu ombi langu, sharti nikueleze hali ilivyokuwa kabla ya mashine. Mbele ya afisi yetu pana kiwanja cha majani kilichoachwa na wenye nyumba wa zamani, ambao nao sitawataja. Kiwanja hiki hakikuwa na mtunzaji aliyeajiriwa. Kila asubuhi alikuja Bi Mwatum wa Kikwajuni na mundu wake, akakata upande mmoja, akafunga mzigo, akampelekea ng'ombe wake aitwaye Zumaridi. Kesho yake alikata upande mwingine. Alipomaliza pande zote, upande wa mwanzo ulikuwa umeshaota tena na unamsubiri. Majani yalikuwa mafupi na kiwanja safi mwaka mzima, masika na kiangazi. Kwa kushukuru, ilipofika saa nne, binti yake aitwaye Tabia alituletea maziwa ya chai. Hakuna aliyekaa kikao kupanga jambo hili. Ndugu Kombo, mkuu wetu wa afisi, hupenda kusema kwamba huo ndio mpango pekee katika afisi yetu usiokuwa na faili, na ndio pekee uliokuwa ukienda vizuri.

Sharti pia nikueleze, kwa haya nyingi, kwamba mwezi wa Machi wazee wangu walipeleka posa kwa Bi Mwatum kwa ajili ya Tabia. Bi Mwatum, ambaye ni mjane na ndiye mwenye kauli nyumbani kwake, aliwapokea vizuri. Aliwapa kahawa na halua, akasema atawajibu masika yakimalizika. Nimeuliza watu wazima wakanambia hilo ni jibu zuri, kwa sababu mtu anayetaka kukataa hatoi halua.

Sasa masika yanamalizika, na yafuatayo ndiyo yaliyotokea katikati. Nimeyapa nambari ili iwe rahisi kwako kunijibu, au kunisamehe.

1. THELUJI

Mashine ilipofika Unguja iliambatana na kijitabu cha Kiingereza. Kwa kuwa nimesoma skuli mpaka darasa la kumi na mbili, nilipewa mimi nikifasiri kwa ajili ya Kamati yako. Kijitabu kinasema kwamba matunzo ya bustani huanza majira ya machipuo, theluji ikishayeyuka na ardhi ikaanza kupata joto. Nilifasiri kama kilivyo, maana nilifundishwa kutoongeza wala kutopunguza. Kamati yako ikaipokea tafsiri yangu na kutuma waraka kwa kila afisi yenye majani: Matunzo ya Machipuo yaanze mara tu theluji itakapoyeyuka, na wakuu wa afisi watoe taarifa.

Ndugu Kombo aliniita chumbani kwake, waraka uko mkononi. Akaniuliza, "Msabah, hii theluji kwetu inayeyuka lini?"

Nikamjibu, "Ndugu, kwetu haianguki."

Akaufunga mlango. Kisha akasema, "Hilo usiliandike. Ukiandika haianguki, wataona afisi yetu haishiriki. Andika imeshayeyuka."

Nikaandika imeshayeyuka. Kamati yako ikatupongeza kwa kuwa afisi ya mwanzo Unguja nzima kumaliza theluji yake, na kwa kuwa tumewatangulia wenzetu, ikaamuliwa kwamba mashine ije kwetu na sherehe ya kuizindua ifanyike kwenye kiwanja chetu. Naomba uone, Ndugu Mwenyekiti, kwamba balaa lote lililofuata limetokana na theluji ambayo hakuna aliyeiona, na ambayo ilikuwa na adabu ya kutoonekana mpaka mwisho.

2. AKIBA YA MAJANI

Siku barua ya pongezi ilipofika, Ndugu Kombo alitoka nje akasimama kwenye kiwanja. Bi Mwatum alikuwa ameshapita, na majani yalikuwa mafupi kama nywele za mtu aliyetoka kwa kinyozi. Ndugu Kombo akashika kiuno. "Tutaizinduaje mashine ya kukatia majani," akasema, "na majani yenyewe hakuna? Mwenyekiti ataona nini? Majani yawekwe akiba."

Nikaamriwa niandike tangazo. Niliandika kwa herufi kubwa: KUKATA MAJANI HAPA NI MARUFUKU. MAJANI HAYA NI YA MASHINE. Chini yake nilitia saini kwa niaba ya Mkuu wa Afisi, kama utaratibu unavyotaka. Bahati mbaya, Ndugu Mwenyekiti, niaba haionekani kwa mbali. Jina langu ndilo linaloonekana, kwa sababu saini yangu ni nzuri. Walimu wangu wote waliisifu, na sasa najuta kwamba walinisifu.

Asubuhi ya pili Bi Mwatum alikuja na mundu wake akalikuta tangazo. Tabia alimsomea. Akaja mpaka chini ya dirisha langu.

"We Msabah!"

"Naam, Bi Mwatum. Shikamoo."

"Marahaba, lakini si kwa furaha. Nnakuuliza. Hii mashine yenu inakula majani?"

"Haili, Bi Mwatum. Inakata tu."

"Ikishakata, anakula nani?"

Nilikitazama kijitabu upesi upesi. Hakikuwa na sehemu inayohusu kula. Nikamjibu kwamba, kwa ninavyofahamu, hakuna anayekula.

"Basi ng'ombe wangu mwenye tumbo alale na njaa, kwa ajili ya chuma kisichokuwa na tumbo?"

Nikamwambia nitaliwasilisha suala lake panapohusika. Ndilo ninalofanya sasa. Nimechelewa kidogo kwa sababu nilikuwa naogopa.

3. MAZIWA

Mvua zilinyesha mwaka huu bila kutuonea huruma. Majani yaliyowekwa akiba yalifika magotini, kisha kiunoni, mpaka watu waliokuja kuhakiki mizani yao wakawa wanauliza mlango wa afisi uko upande gani. Zumaridi naye alikuwa Kikwajuni anakula maganda ya ndizi na makuti yaliyochakaa.

Saa nne moja Tabia alileta maziwa robo ya kopo, akasema, "Mama kasema leo ya kuonja."

Siku iliyofuata yalikuwa yanafunika chini ya kopo tu. "Mama kasema leo ya kunusa."

Siku ya tatu alikuja mikono mitupu. Alisimama mlangoni, akanitazama kwa jicho ambalo sikuweza kulifasiri ijapokuwa nimesoma, akasema, "Mama kasema leo ni salamu peke yake. Na mimi nauliza, Bwana Karani, majani yenu yanangojea nini? Yamealikwa arusini?" Akaondoka kabla sijapata jibu. Jibu nimelipata jana, lakini ni refu na yeye hayupo.

Ndugu Kombo hanywi chai ya rangi. Anasema inampandisha kiungulia. Kwa kukosa chai akawa hana la kufanya saa nne, akaanza kusoma mafaili yetu. Sina haja ya kueleza zaidi. Makarani wenzangu wamekonda.

4. WAYA

Afisi yetu ina tundu moja tu la umeme lenye kufaa, nalo liko chumbani kwa Ndugu Kombo, na ndilo lenye panka lake. Ili mashine iende, panka lisimame. Waya unapitishwa dirishani juu ya meza yake, na yeye anabaki ameketi hapo huku jasho linamtiririka juu ya waraka wako.

Waya wenyewe unafika nusu ya kiwanja. Ukivutwa zaidi, plagi inatoka, Ndugu Kombo anaichomeka upesi ya panka, na karatasi zote zinaruka. Bwana Ame, tarishi wetu, mtu mzima wa Mkokotoni mwenye maneno, alipewa kazi ya kuubeba waya nyuma yangu, mimi msukuma mashine, ili usikatwe, akawa ananifuata kama msindikizaji wa bi arusi. Siku ya kujaribu alisimama pale waya ulipokwisha, akatikisa kichwa. "Msabah, hii hasa si mashine," akasema. "Huyu mbuzi kafungwa kamba. Atakula pale kamba inapofika, basi. Ila mbuzi hamzimii mkubwa panka lake."

Nilimwomba asiseme kwa sauti. Akasema nisiwe na wasiwasi, mkubwa hasikii, anajipepea.

Hata hiyo nusu haikukatika. Kijitabu kinasema majani yawe urefu wa kidole, na yetu yalikuwa yananifika kifuani. Nilipoisukuma mashine ndani yake ilinguruma mara moja, ikakohoa, ikanyamaza, na taa za afisi nzima zikazimika. Ndugu Kombo akatoka nje amevaa fulana. Sikuwa nimepata kumwona mkuu wa afisi amevaa fulana, na nimejitahidi kusahau.

5. SHEREHE

Hii ndiyo nambari ngumu, kwa kuwa na wewe mwenyewe umo ndani yake.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, ilionekana wazi kwamba mashine haiwezi kuyakata majani tuliyoiwekea. Ndugu Kombo akaamua kwamba majani yakatwe ili mashine iweze kuyakata. Mtu pekee mjini mwenye mundu na ujuzi wa kiwanja kile alikuwa Bi Mwatum. Nikatumwa Kikwajuni.

Bi Mwatum alinisikiliza huku amekaa barazani anapepeta mchele. "Marufuku imekwisha?" akauliza.

"Imeahirishwa, Bi Mwatum. Kwa leo tu."

Alikuja na jirani zake watatu na miundu yao. Walikata huku wanacheka na kutaniana. Mmoja akauliza kama mashine imeumwa, mwingine akasema haikuumwa, iko edani, ndiyo maana haitoki nje. Kabla ya magharibi kiwanja kilikuwa kama kilivyokuwa zamani, na mizigo ya majani imekwenda Kikwajuni. Nilikwenda nyumbani na moyo mwepesi. Nilidhani Zumaridi atashiba, maziwa yatarudi, na masika yatamalizika salama.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya sherehe yenyewe, Ndugu Kombo alifika mapema amevaa suti. Akakitazama kiwanja. Kisha akaniita kwa sauti ndogo, ambayo ni mbaya zaidi kuliko ile kubwa. "Msabah. Sasa mashine itakata nini?"

Ndugu Mwenyekiti, nakuomba ufikiri hali yangu ilivyokuwa nilipokuwa narudi Kikwajuni kumwomba mama wa mchumba wangu majani ya mashine. Nilimkuta bandani anamlisha Zumaridi kwa mkono.

"Bi Mwatum, shikamoo. Naomba pakacha moja la majani."

"Marahaba. La nani?"

"La mashine."

Alimpa Zumaridi konzi jingine la majani. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nna ng'ombe ana njaa ya masika mazima. Leo ndo kwanza kapata kushiba. Na we umekuja kumtolea chakula mdomoni?"

"Ni amri, Bi Mwatum."

"Amri! Haya, pakacha lile pale. Libebe na kamba yake. Lakini nisikilize vizuri. Mwanamme anayemnyang'anya ng'ombe akampa mashine, kesho akiambiwa ni amri atamnyang'anya mwanangu ampe nani? Chukua majani yako, na wazee wako waje wachukue posa yao."

Tabia alikuwa mlangoni. Alilitazama pakacha, akaingia ndani.

Na mimi, Ndugu Mwenyekiti, nililichukua pakacha. Nililichukua kwa sababu duniani alikuwapo mtu mmoja tu wa kunitisha kuliko Bi Mwatum, na mtu huyo alikuwa ananingojea Vuga na suti yake.

Yaliyobaki unayajua. Bwana Ame aliyatandaza majani yale juu ya kiwanja, kwenye nusu inayofikiwa na waya, akayapangapanga yasimame kidogo. Ulikuja wewe na wajumbe wako, na mpiga picha. Niliwasha mashine nikapita mbele yenu, Bwana Ame nyuma yangu, na mashine ikayakatakata majani yote mpaka yakawa vipande vidogo kama tumbaku. Mlipiga makofi. Katika hotuba yako ulisema hujapata kuona majani yanayokatika kwa urahisi namna ile. Naomba radhi kwa kukueleza: yalikuwa yamekatwa jana yake. Ulisema pia kwamba huu ni ushahidi kuwa umeme hauachi hata mzizi. Hilo nalo ni kweli, ila mizizi haikuwapo.

Mlipoondoka nilikusanya vile vipande nikavitia katika pakacha lile lile, nikalirudisha Kikwajuni, nikaliweka mlangoni, nikapiga hodi, na nikakimbia. Sikuwa na jingine la kurudisha.

6. MASHINE NA NG'OMBE

Tangu Jumamosi sijala vizuri, na njaa imenisaidia kufikiri. Nimekaa nikavilinganisha vitu hivi viwili bila ya upendeleo, kama tunavyofanya mizani mbili zinapoletwa afisini kwetu na kila mwenye yake anaapa.

Mashine inataka majani ya urefu wa kidole. Ng'ombe hapimi. Mashine inataka waya, na waya unataka panka la mkuu wa afisi. Ng'ombe anataka kamba, na kamba haimtoi jasho mtu yeyote. Mashine ikishakata inaacha, na sharti apatikane mtu wa kufagia. Ng'ombe habakishi kitu. Kijitabu kinasema kwamba majira ya machipuo bustani itiwe mbolea, na kinataja mfuko maalumu ambao Kamati yako inautafuta mpaka leo. Ng'ombe mfuko huo anatembea nao, na anautoa bila ya kuombwa, mara nyingine zaidi ya mahitaji. Na baada ya yote hayo, saa nne, yapo maziwa. Mashine nimeitazama pande zote. Haina pa kukamulia.

Kutokana na hoja hizo, na kwa unyenyekevu mkubwa, naomba Kamati yako:

(a) iihamishe mashine kama nilivyoeleza;

(b) iliondoe lile tangazo, au angalau ilifute jina langu na kuiacha marufuku peke yake;

(c) impelekee Bi Mwatum barua rasmi, yenye mhuri, kumjulisha kwamba mimi ni karani wa daraja la tatu na sina uwezo wa kupiga marufuku kitu chochote. Wenzangu wote wako tayari kulithibitisha hilo. Ndugu Kombo atalithibitisha kwa furaha;

(d) imwajiri Zumaridi kuwa Mtunza Kiwanja wa afisi yetu, kwa kipindi cha majaribio. Asiwekewe sharti la kusoma na kuandika, kwa kuwa tumeona mwaka huu kusoma na kuandika kumetufikisha wapi;

(e) na mambo yakienda vizuri, iwapelekee marafiki zetu wa nchi ile ng'ombe mmoja kwa kila mashine waliyotupa, pamoja na kijitabu cha Kiswahili cha kumtumia. Niko tayari kukiandika. Nitaeleza kwamba ng'ombe aanze kazi mara tu embe zikimalizika, na wao watajua wenyewe embe zao zinamalizika lini.

Ndugu Mwenyekiti, sijapata kumlalamikia mtu tangu nizaliwe. Hata nilipokuwa skuli nikikanyagwa nilikuwa mimi ndiye ninayeomba radhi. Lakini hapa nimepotelewa na mke kwa ajili ya mashine ya kukatia majani, na naona nikinyamaza na hili, basi mtu anaweza kuja kuniwekea tangazo mgongoni nikalibeba. Nakuomba barua hii usimwoneshe Ndugu Kombo. Ikiwa lazima aone, nakuomba aoneshwe baada ya chai.

Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Msalimie mpiga picha, na umwambie kwamba kama picha ile haijasafishwa asijisumbue. Msalimie dereva wako, ambaye alinipa maji baada ya sherehe bila ya kuniuliza kwa nini ninalia. Wasalimie watu wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na Mungu awape masika mafupi.

Ni mimi mtumishi wako mwenye hofu na adabu,

Msabah Mcha Sheha,
Karani wa Daraja la Tatu.

Baada ya saini:

Ndugu Mwenyekiti, barua hii ilikuwa imeshatiwa nambari na Bwana Ame katika barua zinazotoka, na nambari ikishatiwa haifutiki bila ya maelezo, na maelezo yenyewe ndiyo haya. Kwa hiyo nimelazimika kuendelea hapa badala ya kuichana.

Muda mfupi uliopita, nilipokuwa naitafuta gundi ya bahasha, nilisikia "We Msabah!" chini ya dirisha. Nilifikiri kujificha chini ya meza, lakini chini ya meza alikuwapo karani mwenzangu, ambaye aliisikia sauti kabla yangu.

Bi Mwatum alikuwa amelishika lile pakacha. Lilikuwa tupu.

"Nani kayakata majani yale namna ile?" akauliza.

Nikamwambia ni mashine, na nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza. Kumbe Jumamosi ile Zumaridi alilimaliza pakacha zima bila ya kuchagua, hata vikonyo ambavyo siku zote huvitema huku anamwangalia Bi Mwatum kwa dharau. Asubuhi yake alitoa maziwa ambayo Bi Mwatum hajapata kuyaona tangu ng'ombe huyo azae. Jana kapewa majani marefu, kayageuzia mgongo. Leo kayageuzia mgongo tena, na anatazama upande wa Vuga.

"Hiyo mashine inakwenda peke yake?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Hapana, Bi Mwatum. Lazima iwe na mtu."

"Mtu gani?"

Tabia alikuwa nyuma yake na kopo la maziwa, limejaa mpaka juu. Amejifunika mdomo kwa mtandio, na mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nikasema, "Mimi."

Bi Mwatum akanitazama kutoka juu mpaka chini kama ananinunua. Kisha akapanga mambo yote hapo hapo, bila ya kikao. Yeye atakata kwa mundu kila asubuhi, mimi nitayapitishia mashine, Zumaridi atakula, na afisi itakunywa chai. Posa, akasema, haijaondoka mahali pake, ilikuwa imehamishwa kidogo tu. Wazee wangu waje Ijumaa.

Kwa hiyo naomba uichukulie barua hii kama imeandikwa kinyume. Mashine isihamishwe, si Kiwengwa wala mahali pengine popote. Siku zote nilikuwa naiona ni nzuri, kama nilivyotaja mwanzo. Zumaridi naye asiajiriwe, ana kazi.

Limebaki jambo moja, na ndilo linalonitia hofu zaidi kuliko yote yaliyotangulia. Alipokuwa anaondoka, Bi Mwatum aligeuka akaniuliza, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wapita njia, kama ni kweli mimi ndiye Fundi Mkuu wa Mashine za Majani wa Serikali, kwa sababu ndivyo alivyokwisha kuwaambia watu wa Kikwajuni wote.

Nimeshasema ndiyo, Ndugu Mwenyekiti, na Tabia alikuwa anasikia. Nakuomba iwe kweli kabla ya Ijumaa.

M. M. S.